Nilivyompangia mgeni kuvua saa ambayo bahari haipo

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi. Nasoma nyuzi za watu, nacheka, nasikitika, naondoka kimya. Leo naandika kwa sababu nimechoka kulibeba hili jambo peke yangu.

Sitaongeza chumvi. Nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga, na nilipokuwa mwongo nitasema hivyo hivyo. Majina nimebadilisha, na kampuni siitaji.

Mimi ni mtoto wa Akheri, chini ya mlima Meru. Wazee wana kahawa na migomba, ng'ombe wawili wa ndani, basi. Nilisoma mpaka chuo kikuu, nikachukua Jiografia. Chuo chenyewe kilikuwa Nyanda za Juu, kwa hiyo katika maisha yangu yote bahari nilikuwa nimeiona kwenye kalenda.

Baada ya kumaliza nilikaa nyumbani mwaka mzima na zaidi. Baba mdogo ndiye aliyetegemewa kuniingiza kwenye shirika alilokuwa anafanyia kazi, lakini shirika likauzwa, na yeye mwenyewe akapunguzwa. Sasa anafuga kuku. Nilizungusha CV mjini mpaka soli ya kiatu ikaisha. Kila mahali wanataka uzoefu wa miaka mitatu. Sijui huo uzoefu mtu anaupatia wapi kama kila mlango unaudai.

Mwishowe nikapata nafasi kwenye kampuni ya utalii, Arusha mjini, ghorofa ya pili, juu ya duka la spea.

Mwenye kampuni ni mama wa Kichaga, tulimwita Mama Neema. Alianza na marobota ya mitumba. Biashara zilipofunguliwa akanunua Land Rover moja chakavu, leo anazo sita. Mama mkali, mcha Mungu, hana muda wa kupoteza. Alinipa probation ya miezi mitatu. Nikifaa, barua ya ajira. Nisipofaa, kwaheri.

Nikapanga chumba mtaa wa Lemara. Mama yangu alishatoa shukrani kanisani Jumapili ya kwanza, kabla hata sijaoneshwa kiti changu. Usharika mzima ukajua kijana amepata kazi. Nikawa nawaza, na hii probation nitamwelezaje? Sikumweleza.

Kazi yangu ilikuwa kuandaa itinerary za wageni. Kuamka saa ngapi, kifungua kinywa saa ngapi, geti la hifadhi saa ngapi. Ofisini kulikuwa na sheria moja kubwa: ratiba ikishatumwa kwa mgeni haiguswi. Mtu niliyerithi meza yake aliondolewa kwa sababu alibadilisha hoteli mgeni akiwa tayari njiani. Hilo niliambiwa siku ya kwanza, na nikalilalia na kuliamkia kila siku.

Mwezi wa tatu wa probation ikaja email kutoka Afrika Kusini. Mzee mmoja mstaafu, nimwite Kobus. Maisha yake yote alifanya kazi migodini, mbali kabisa na bahari. Anapenda kuvua, lakini kwenye mabwawa ya kwao. Alisema wakati wa winter asubuhi zao ni barafu kwenye nyasi, na yeye mwaka huu anataka kuvua samaki wa maji ya chumvi mahali ambapo hahitaji kuvaa koti. Anakuja kuona wanyama, je, tunaweza kumwongezea siku moja ya kuvua?

Mama Neema alisoma ile email akiwa amesimama mgongoni kwangu.

"Godi, hii ni biashara mpya. Wenzetu wote wanauza Zanzibar, Zanzibar. Sisi tuuze hii. Wewe ndiye msomi, itengeneze."

Nikaitengeneza kwa siku nne. Nilisoma kila kitu nilichokipata internet cafe. Nikajua kwamba Julai ni kipupwe, upepo wa kusi unavuma, na nje ya mwamba bahari inachafuka. Watu wanavua karibu na pwani, kwenye hori, yaani ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, pembeni ya mikoko. Nikapata hoteli ndogo kwenye kijiji kimoja kusini mwa mji wa Tanga, na namba ya nahodha anayefanya kazi na ile hoteli, Mzee Athumani.

Ratiba ikasomeka hivi: saa mbili na nusu asubuhi hadi saa sita mchana, kuvua. Saa sita na nusu, chakula. Saa saba na nusu, safari ya kurudi, kulala Same, kesho yake ndege KIA. Nilijisifu. Ilipangika kama siku ya Ngorongoro.

Nikatuma kwa mgeni. Akakubali siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo nikampigia Mzee Athumani. Ndiyo wakuu, baada ya kutuma. Naomba msinitukane kwanza.

Nilimsalimia shikamoo, nikamsomea tarehe na saa. Nikasikia anahesabu kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, siku hiyo mwezi mpevu. Bamvua, maji yanajaa sana na kutoka sana. Saa hizo ulizosema maji yote yametoka, mtanikuta nimekaa kwenye tope. Njooni saa nane mchana, maji yanaingia, samaki wanaingia nayo. Au njooni wiki nyingine."

Sasa niwaambie kitu kuhusu sisi wa mlimani. Kwetu shamba linanyweshwa kwa mfereji. Maji yanatoka juu, kila familia ina zamu yake. Zamu yako ikigongana na msiba au mnada, unakwenda kwa wazee wa mfereji, unasalimia vizuri, unajieleza, mnabadilishana na jirani. Mimi nimekua nikitumwa kufanya hivyo. Kwa akili yangu, maji ni kitu cha kuongea na watu.

Nikasema, na hapa naandika huku nimefunga jicho moja, "Mzee wangu, hakuna namna ya kurekebisha? Hata kwa masaa mawili tu? Tungeweza kuomba?"

"Kuomba nini?"

"Hiyo zamu."

Akacheka mpaka akakohoa.

"Umwombe nani, baba? Wewe unapiga simu kutoka wapi?"

"Arusha, mzee."

"Ahaa. Basi mwambie tajiri wako saa nane. Umenisikia? Saa nane."

Nikaandika kwenye daftari: saa nane, nimwambie Mama.

Na Jiografia nimesoma! Nimechora jua, mwezi na dunia kwenye mtihani, mishale yote, nikapata A. Haikunijia hata mara moja kwamba ule mchoro ndio huo ninaoambiwa kwenye simu.

Kilichofuata ni wiki mbili za kujitesa. Kila asubuhi nilijipanga: leo namwambia Mama Neema. Nikifika mlangoni mwake nawaza, ratiba haiguswi. Atasema kwa nini hukuuliza kabla ya kutuma? Nitajibu nini? Nikabadilisha maneno, nikayafanyia mazoezi bafuni. Siku moja niliingia kabisa, akainua macho, nikamuuliza kama anataka chai.

Usiku nikajipa moyo. Bahari ni kubwa. Itaondoka kiasi gani? Hata mto Nduruma wakati wa kiangazi hauondoki wote.

Siku ikafika. Mama Neema akaamua niende mwenyewe, nikasimamie hiyo product yangu. Dereva alikuwa Elibariki, Mmeru mwenzangu, mtu wa utani, aliniita Msomi tangu nilipofika ofisini. Tuliondoka Arusha na majaketi, ukungu umefunika mlima wote. Kuanzia Mombo tukaanza kuyavua, na Mzee Kobus akabaki na fulana. Alifurahi kama mtu aliyeachiwa kutoka kifungoni.

Tulifika saa kumi na moja jioni. Wakuu, bahari ilikuwepo. Imejaa hadi kwenye mizizi ya mikoko, inang'aa. Boti ya Mzee Athumani inaelea pale mbele ya hoteli. Nikasema moyoni, huyu mzee alikuwa ananitisha bure. Mwenyewe hakuwepo, alikuwa kwenye mazishi kijiji cha pili. Nikala ugali na samaki kwa amani, nikalala.

Asubuhi saa mbili nikatoka nje na mswaki mdomoni.

Hapakuwa na bahari.

Sijui nielezeje. Palikuwa na tope, majani ya baharini, kaa wanakimbia, na mbali sana wanawake wameinama wanatafuta pweza. Maji yalikuwa mstari huko mwisho. Boti imelala ubavu kama ng'ombe mgonjwa, na Mzee Athumani amekaa kando yake kwenye ndoo, anatengeneza mshipi wa kuvulia. Hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza. Mzee mwembamba, kofia nyeupe, miwani iliyofungwa kwa uzi.

Elibariki akaja na kikombe chake, akasimama.

"Msomi. Bahari umeipeleka wapi?"

Nikaendelea kupiga mswaki.

"Au nayo imekwenda kunywa chai?"

Mzee Kobus akatoka na fimbo zake mbili za kuvulia, kofia, kila kitu. Kifungua kinywa alikuwa amemaliza. Akatazama tope. Akatazama ratiba aliyoikunja mfukoni. Kisha akanitazama mimi, bila hasira, kama mtu anayesubiri kuelezwa.

Nikashuka naye hadi kwenye boti. Siku kumi na moja zilibaki kwenye probation yangu. Nikamwona mama yangu kanisani. Nikafungua mdomo, nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti safi kabisa ya chuo kikuu:

"I am sorry, sir. The captain did not inform us."

Nahodha hakutujulisha. Nilisema hivyo Mzee Athumani akiwa hatua mbili kutoka kwangu, kwa sababu nilijua hatasikia.

Mzee Athumani akaendelea na mshipi wake. Baadaye kidogo akainuka, akamsalimia mgeni kwa kumshika mkono, na akamwambia kwa Kiingereza, polepole, kilichonyooka kuliko changu, kwamba maji yatarudi saa saba, na kama ana subira saa nane atampeleka mahali pazuri.

Nilitamani lile tope linifunike.

Mgeni alipokwenda kukaa kivulini, mzee akanigeukia.

"Miaka ishirini nilikuwa karani kwenye shamba la mkonge, mwanangu. Mameneja wazungu wawili. Mpaka shamba lilipouzwa, wakatupunguza." Akavuta pumzi. "Nenda kampigie tajiri wako simu, umwombe awape mchana huu. Mtandao uko kule juu, shuleni."

Basi. Angenifokea ningepona.

Nilipanda kile kilima nikiwa nimechoka kama nimelima. Kukaa mpaka jioni maana yake ni kufuta hoteli ya Same na kuondoka alfajiri mbichi ili kuwahi ndege, na hilo lilihitaji ruhusa. Njiani nikaapa nitasema kweli. Mama Neema akapokea mara ya kwanza tu. Nikamweleza kuhusu maji.

"Huyo nahodha hakukwambia?"

Swali ndilo hilo wakuu. Jibu lake neno moja. Nilikuwa na muda wa kutosha kuwaza mambo kumi, na nikayawaza yote.

"Hakuniambia, Mama."

"Watu wa aina hiyo ndio wanatuharibia. Kaeni mpaka jioni, mgeni apate samaki wake. Huyo tutamtafutia mbadala."

Nikashuka kilima.

Saa saba maji yalianza kurudi, kimya kimya, yakipita katikati ya mizizi. Boti ikajiinua yenyewe. Saa nane tulikuwa ndani: mgeni, mzee, Elibariki ambaye hajui kuogelea na alishika ubao kwa mikono miwili, na mimi. Hatukwenda mbali. Tuliingia kwenye hori, tukafunga boti pembeni ya mikoko, mahali ambapo maji yanayoingia yanapinda. Upepo wa kusi ulikuwa unapita juu, pale chini shwari. Chambo kilikuwa kamba wabichi.

Mzee Kobus alipata changu wawili wadogo, kisha kwa muda mrefu hakuna kitu. Halafu fimbo ikapinda. Alihangaika nayo, mzee Athumani anamwelekeza kwa sauti ndogo, legeza, sasa vuta, legeza. Akatoka kolekole wa rangi ya fedha, mrefu kama mkono mpaka kiwikoni. Yule mzee wa migodini alimshika kwa mikono miwili, macho yamejaa machozi. Akamtazama, akapigwa picha, kisha akamrudisha majini.

Elibariki akaachia ubao kwa mshangao.

"Amemrudisha?"

"Amemrudisha," nahodha akasema.

"Yaani huyu mtu ametoka kwao kote huko kuja kumsalimia samaki?"

Mzee Athumani alicheka, na mimi nikacheka, halafu nikakumbuka. Baadaye aliniwekea mshipi mkononi, akanionesha jinsi ya kuukalisha kwenye kidole ili nisikie samaki akionja. Alinifundisha kwa uvumilivu. Nilikuwa namsikiliza huku najua kule Arusha jina lake limeshakatwa, na yeye hajui. Sikuwahi kuchoka vile maishani, na nilikuwa nimekaa tu.

Tuliporudi Arusha mambo yakaenda vizuri kuliko nilivyostahili. Mgeni aliandika email ndefu ya shukrani. Mama Neema akaichapa akaibandika ukutani. Ijumaa akaniita, akanipa barua ya ajira kwenye bahasha ya kaki, akanishika mkono.

"Hongera. Sasa kaa hapo uniandikie barua ya yule nahodha wa Tanga. Hatuendelei naye, sababu ni kutotoa taarifa. Hoteli nayo ipate nakala."

Nikakaa kwenye kompyuta. Nikaandika tarehe. Nikaandika "Ndugu Athumani". Nikafuta ndugu nikaweka mzee, nikafuta mzee nikaweka ndugu. Nilijua hoteli ikipata nakala, hapati mgeni mwingine pale. Mtu aliyepunguzwa kazi mara moja na watu asiowajua, sasa anapunguzwa mara ya pili na mimi, niliyefundishwa naye kushika mshipi.

Nikajaribu kuwaza sababu za kuendelea. Nina kipaji cha kuwaza, lakini siku hiyo kiligoma.

Nikaingia ofisini kwa Mama Neema na bahasha yangu.

"Mama, aliniambia. Wiki mbili kabla. Aliniambia saa nane. Mimi ndiye sikukwambia."

Hakupiga kelele.

"Na ulikuwa unaingia humu kila siku."

"Ndiyo, Mama."

"Ukaniuliza kama nataka chai."

"Ndiyo."

Akanyoosha mkono. Nikampa bahasha. Akaiweka kwenye droo.

"Kosa la ratiba ningelimeza. Lakini umeniacha nimtukane mzee wa watu ambaye hana kosa. Nenda nyumbani, Godi. Nitakuita."

Hajaita. Ni miezi mitano sasa.

Elibariki ndiye ananipa habari. Mama Neema alimpigia Mzee Athumani mwenyewe siku ile ile, wameelewana, na kabla ya kupanga safari ya pwani sasa anaulizwa yeye kwanza. Wamepeleka wageni mara tatu.

Nimerudi Akheri. Nimemsaidia baba kuchuma kahawa msimu mzima. Mama yangu hajaniuliza kitu, na kanisani anajibu kwamba niko likizo. Hiyo likizo inanichosha kuliko kazi yoyote.

Mwezi uliopita nilipata ujasiri, nikapanda juu panaposhika mtandao, nikampigia Mzee Athumani. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, pande zote mbili. Akapokea, nikasikia injini nyuma yake.

"Nani? Ahaa, wa Arusha. Sema upesi mwanangu, niko majini na watu."

Ile karatasi haikuwa na faida. Nikasema nilikusingizia, nikakuharibia jina, naomba unisamehe.

Injini ikaendelea kunguruma.

"Haya. Nimesikia," akasema. Akakata.

Nimeshalala na hayo maneno siku thelathini. Kuna siku naona amenisamehe, kuna siku naona alikuwa anataka tu kushika usukani wake.

Nilichojifunza, wakuu, ni kidogo. Mtu anayelijua jambo akikuambia, lipeleke siku hiyo hiyo, hata kama miguu inatetemeka. Woga wangu wa dakika tano ofisini ulitaka kula riziki ya mzee asiyenidai chochote. Na kweli niliyoisema imenigharimu kazi, na sijisikii shujaa. Najisikia nimechoka tu.

Nyie mngefanyaje? Niende Tanga nikamwone uso kwa uso, au nimwache mzee wa watu afanye kazi yake? Karibuni mchangie. Wa kunisema aniseme tu, nimeshajisemea yote, hakuna neno litakalonishtua.